Maswali ya Wasomaji: Januari Juu ya Milima ya Pennine

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi kuhusu Spine Race, mbio za kilomita 431 zinazofanyika kila Januari juu ya milima ya Pennine, kaskazini mwa Uingereza. Barua zilizotufikia tangu hapo ni nyingi kuliko nilivyotarajia, na baadhi zimeandikwa na watu wanaotaka kwenda wenyewe, jambo ambalo limenifanya niitoe safu nzima ya toleo hili kwa ajili ya milima hiyo. Nimeishi kaskazini mwa Uingereza kwa miaka kadhaa, nimetembea sehemu kubwa ya njia hiyo kwa miguu, na nimewahi kuanza mbio fupi za huko katika majira ya baridi. Mimi si daktari. Nitajibu kwa niliyoyaona na kwa yale yanayofahamika wazi.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni muuguzi, Mtanzania, naishi Sheffield. Wenzangu wawili wa kazini wamejiandikisha katika mbio fupi za Spine na wananishawishi niungane nao mwakani. Nimekimbia marathoni mbili za barabarani. Mume wangu anasema huo ni wazimu. Je, mtu wa kawaida anaweza? Na nianzie wapi?
*Muuguzi, Sheffield*

Marahaba, dada yangu. Hofu ya mume wako ina msingi, lakini jibu la swali lako ni ndiyo: mtu wa kawaida anaweza, mradi asiingie akidhani kwamba anakwenda kukimbia marathoni iliyorefushwa. Kwa maana ya jina, ultramarathoni ni mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195, ila juu ya mlima wakati wa baridi idadi ya kilomita haikwambii mengi. Wenzako wamejiandikisha katika zile za kilomita 74, kutoka kijiji cha Edale hadi karibu na mji wa Hebden Bridge, ambazo hupewa saa 18. Zipo nyingine za kilomita 174 zenye kikomo cha saa 60, kisha zile kuu, ambazo huifuata njia ya Pennine Way yote kutoka Edale mpaka Kirk Yetholm, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Uskoti, kwa muda usiozidi saa 168. Hizo ni siku saba kamili, na saa huendelea kuhesabiwa hata mkimbiaji akiwa amelala.

Ukigawanya 74 kwa 18 utapata kilomita 4 na kidogo kwa saa, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Hesabu hiyo imewadanganya wengi. Katikati ya Januari jua la huko huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 na nusu jioni, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari yako utaifanya gizani. Utapanda Kinder Scout, kisha Bleaklow, kisha Black Hill, na juu ya milima hiyo ardhi ni mboji nyeusi inayofyonza maji kama sifongo; mguu huzama mpaka kwenye goti, na kuutoa humo ni kazi. Pale palipokuwa pabaya zaidi pametandikwa vibao vya mawe, vingi vikiwa vimetolewa katika sakafu za viwanda vya zamani vya pamba vilivyobomolewa. Vibao hivyo ni neema wakati wa kiangazi, lakini usiku wa Januari vikifunikwa na barafu nyembamba isiyoonekana, vimewaangusha hata wenyeji.

Njia yenyewe ina historia ninayoipenda, nami naomba nafasi niitaje. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi wa Manchester na vitongoji vyake, walipanda Kinder Scout bila ruhusa, kwa sababu mlima ulikuwa umefungwa na wenye ardhi ili wawinde ndege wao, na watano kati ya vijana hao walitiwa gerezani. Mwaka 1935 mwandishi wa habari Tom Stephenson alitoa wazo la njia moja ndefu ya miguu ambayo ingepita juu ya milima yote inayoitwa uti wa mgongo wa Uingereza. Ilichukua miaka 30. Pennine Way ilifunguliwa rasmi tarehe 24 Aprili 1965, na leo wewe, muuguzi uliyetoka Tanzania, una haki ya kukanyaga pale ambapo wenye mji walifungwa baada ya kupakanyaga.

Sasa nianzie wapi, umeuliza. Anzia Edale. Treni kutoka Sheffield huchukua kama nusu saa tu, na hilo ni jambo ambalo wakimbiaji wengi wangelilipia fedha. Nenda Novemba, siku ya mvua, pamoja na mtu anayejua kusoma ramani, mpande Kinder na kushuka, usikimbie. Urudi nyumbani ukiwa umelowa, halafu ukae mezani uandike ni kitu gani kilichokutesa kwanza: vidole, miguu, njaa au woga. Jambo hilo la kwanza ndilo la kushughulikia mwezi mzima unaofuata. Kabla ya Krismasi jifunze kutumia ramani na dira gizani, kwa sababu betri hufa haraka kwenye baridi na ukungu wa Bleaklow hauna huruma kwa anayetegemea simu.

Kuhusu mavazi, kanuni moja inatosha kuanzia: nguo ya pamba isiguse mwili wako. Pamba hunywa maji na kuyashikilia, na nguo iliyolowa huutoa joto mwili mchana kutwa. Vaa sufu nyembamba au kitambaa cha michezo kinachokauka haraka, juu yake nguo ya kuhifadhi joto, na juu kabisa koti la mvua lenye kofia ambalo kweli halipitishi maji. Kisha uwe na jozi tatu za glavu, moja kati yake ikiwa katika mfuko wa plastiki usioguswa mpaka utakapoihitaji. Kula kila baada ya nusu saa hata kama hujasikia njaa. Mwili hutengeneza joto lake kutokana na chakula, na anayengoja mpaka asikie njaa huwa tayari ameanza kupoa.

Una faida moja ambayo wenzetu wengi hawana. Zamu za usiku zimekufundisha jinsi akili inavyokuwa saa 10 alfajiri, na jinsi ya kufanya jambo kwa usahihi ukiwa umechoka. Mweleze mume wako hivyo, na umpeleke Edale pamoja nawe.

Ndugu Mhariri, mimi ni kiongozi wa wageni Mlima Kilimanjaro kwa mwaka wa 11 sasa. Nimefika Uhuru mara zisizohesabika, usiku, kwenye baridi ambayo maji huganda ndani ya chupa. Nimesoma kwamba kilele kirefu kuliko vyote katika njia hiyo ya Pennine kina mita 893. Kwetu hicho ni kilima. Je, habari zenu hazikutiwa chumvi?
*Kiongozi, Marangu*

Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na mtu aliyefika mita 5,895 mara zisizohesabika ana ruhusa ya kuliuliza. Sikutia chumvi. Mlima wako na huo wa Pennine huua kwa njia mbili tofauti, na mtu akiujua mmoja asidhani kwamba anaujua wa pili.

Usiku wa kwenda kileleni kutoka kambi ya Kibo au ya Barafu, baridi ni kali lakini mara nyingi ni kavu. Ardhi imeganda, theluji ikikuangukia unaikung'uta, na adui mkubwa ni hewa nyepesi. Saa chache baadaye jua la ikweta linachomoza, mnateremka, na kila hatua ya kuteremka inawarudishia nguvu. Kule Pennine hewa ni nzito kama ya nyumbani, lakini joto huwa karibu na nyuzi 0, juu kidogo au chini kidogo, na hapo ndipo penye ubaya wake. Kinachoanguka ni mvua, kisha theluji ya majimaji, kisha mvua tena, hakikung'utiki, kinapenya. Maji huuondolea mwili joto haraka takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Ongeza upepo: hewa ya nyuzi 0 ikipulizwa kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi huiona kama nyuzi 8 chini ya sifuri, na hapo ngozi bado ni kavu. Kilele hicho cha mita 893, Cross Fell, kina upepo wenye jina lake mwenyewe, Helm Wind, unaoporomoka kutoka juu ya mlima kuelekea bondeni kwa nguvu inayoweza kumwangusha mtu mzima. Sijui mahali pengine Uingereza ambapo upepo umepewa jina.

Halafu fikiria muda. Wageni wako hulala katika mahema yaliyokwisha kusimamishwa na wapagazi, hupikiwa uji na supu, na hukuta mtu kama wewe anayewatazama usoni. Mkimbiaji wa Spine hubeba mwenyewe mfuko wa kulalia, jiko dogo, chakula cha akiba, ramani na dira, na kutoka kituo cha kwanza karibu na Hebden Bridge mpaka cha pili, Hawes, ni zaidi ya kilomita 90. Hupanda jumla ya zaidi ya mita 10,000 kabla ya kufika mwisho, akipanda na kushuka milima midogo ambayo hakuna hata mmoja ungeuogopa ukiwa peke yake.

Hata hivyo, ningekuwa na uwezo wa kuchagua mtu wa kukimbia naye usiku huo, ningemchagua mtu wa kazi yako. "Pole pole" mnayowaambia wageni tangu getini ndiyo siri ya mbio hizi pia: anayetoka jasho katika saa ya kwanza hulipa saa ya kumi, kwa sababu jasho nalo ni maji. Na ile desturi yenu ya kumsemesha mgeni swali dogo ili msikie anavyojibu, ndiyo njia ya kumgundua anayepoa kabla yeye mwenyewe hajajua. Kwanza hutetemeka, kisha vidole hukataa kufunga kifungo, kisha hujikwaa, kisha maneno hulegea na hasira kuja bila sababu. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo ndiyo haipothemia, na mtu aliyeacha kutetemeka ilhali bado yuko kwenye baridi amefika pabaya sana.

Mhariri mpendwa, dada yangu ananiambia kwamba mama anayenyonyesha aliwahi kushinda mbio hizo na kuwapita wanaume wote. Mimi nina mtoto wa miezi minane na hata kwenda dukani ni safari. Ni kweli?
*Mama, Mombasa*

Ni kweli kabisa. Januari 2019 Jasmin Paris, daktari wa mifugo anayeishi karibu na Edinburgh, alimaliza Spine Race kwa saa 83, dakika 12 na sekunde 23. Alikuwa wa kwanza kati ya wote, wanawake kwa wanaume, na aliivunja rekodi ya awali, iliyowekwa na mwanamume mwaka 2016, kwa zaidi ya saa 12. Mtoto wake wakati huo alikuwa na miezi 14.

Sehemu ya maziwa ndiyo ambayo watu huisimulia kama kichekesho, nami siioni hivyo hata kidogo. Alikuwa amepanga kumwachisha mtoto kabla ya mbio, lakini mtoto aliugua mara mbili karibu na Krismasi na mama akaona si wakati wa kumnyima ziwa. Kwa hiyo alikwenda na pampu, na katika vituo alikamua maziwa ili matiti yasijae na kuvimba. Wewe unajua vizuri kuliko mimi maana ya titi lililojaa kwa saa nyingi: maumivu, homa, na hatari ya maambukizi. Jambo hilo aliliweka katika ratiba yake pamoja na kula, kubadilisha soksi na kulala, na katika siku zaidi ya tatu alilala takriban saa 3 tu. Alifanya mazoezi yake alfajiri kabla ya nyumba kuamka, na nyuma yake alikuwa na mume na familia waliombeba mtoto.

Hilo la mwisho naomba ulisome mara mbili. Wanaomsifu husahau kusema kwamba kulikuwa na mikono mingine nyumbani. Mwenye mtoto wa miezi minane na bila mtu wa kumwachia hata robo saa hajapungukiwa ujasiri, amepungukiwa msaidizi. Na ukitaka kujua mwanamke huyo aliendelea vipi, Machi 2024 alikuwa mwanamke wa kwanza kumaliza Barkley Marathons, mbio za milimani katika jimbo la Tennessee, Marekani, zenye kikomo cha saa 60. Alifika zikiwa zimesalia sekunde 99.

Sisi huku Iten tunaona kwamba hakuna Wakenya katika mbio hizo. Je, hatuwezi?
*Mwanariadha, Iten*

Mnaweza, na katika mbio za milimani zilizo fupi tayari mnaongoza: Patrick Kipngeno amekuwa bingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima mwaka 2022 na 2023, na Joyce Njeru alishinda msururu wa Golden Trail mwaka 2024. Mbio za baridi za siku kadhaa ni jambo jingine. Mwanariadha anayeishi kwa miguu yake huhesabu, na hesabu hii haimpi faida: visa, nauli, ada, vifaa vya bei kubwa, kisha wiki nyingi za kupona ambazo hawezi kukimbia kwingine, na mwisho wake ni medali na supu. Mwili mwepesi usio na akiba ya mafuta, ambao ni baraka barabarani, nao hupoa haraka unapolazimika kutembea usiku kucha. Ukitaka kujaribu, usiuze mbuzi kwa ajili hiyo.

Mume wangu alikimbia mbio za usiku mbili milimani na aliporudi aliniambia kwamba alimwona marehemu baba yake amekaa juu ya ukuta wa mawe. Nimeshtuka. Je, ni ishara, au ni ugonjwa?
*Msomaji, Leicester*

Mama, pole kwa mshtuko. Kuona visivyokuwepo ni jambo la kawaida sana kwa anayekaa macho usiku wa pili na wa tatu akiwa anatembea gizani huku taa ya kichwani ikimulika duara dogo mbele yake. Ubongo uliokosa usingizi huota mtu akiwa macho, na huchukua umbo lolote lililo mbele, jiwe, kichaka, nguzo ya uzio, ukalivika sura unayoijua. Jasmin Paris alisimulia kwamba kila jiwe lilimtokea kama mnyama. Wengine huona nyumba zenye taa mahali pasipo na nyumba kwa kilomita 20. Kwamba mume wako alimwona baba yake, na si mnyama, hilo lina maana kwa moyo wake, nami sitaki kulipunguza. Muulize alijisikiaje alipomwona.

Hatari iko kwingine. Maono yenyewe hayamdhuru mtu, lakini yanamwonya kwamba uamuzi wake umeharibika: anaweza kuisoma ramani kinyume, au kukaa chini "dakika moja tu" mahali penye upepo na asiamke. Dawa ni usingizi, hata wa dakika 20, ndani ya mfuko wa kulalia na mahali palipokingwa. Ikiwa maono yameendelea nyumbani baada ya kulala vya kutosha, hapo aende kwa daktari.

Mwaka jana nilijitoa katika mbio za baridi nikiwa nimebakiza kilomita 15. Miguu ilikuwa mizima. Nilisikia baridi na nikaogopa, basi. Marafiki wananitania mpaka leo. Nimekuwa mwoga?
*Kijana, Birmingham*

Mdogo wangu, nitakusimulia jambo ambalo sijaliandika mahali popote. Katika mbio zangu fupi za Pennine, mvua ilinyesha tangu asubuhi, na nilipofika juu ya Black Hill glavu zangu zilikuwa zinachuruzika maji. Glavu kavu zilikuwemo ndani ya mkoba. Sikusimama kuzitoa kwa sababu mbele yangu niliona taa tatu na nilitaka kuzipita. Baada ya nusu saa nilitaka kula, na vidole vikashindwa kuivuta zipu. Niliona ni jambo dogo. Nikaendelea bila kula, nikawa nakwenda pole pole zaidi, na kadiri nilivyopunguza mwendo ndivyo nilivyopoa, na kadiri nilivyopoa ndivyo nilivyoona kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Mwanamke mmoja aliyekuwa ananipita alipunguza mwendo akaniuliza jina la mtoto wangu wa kwanza. Nilinyamaza. Nilijua kwamba ninaye mtoto, nikaiona sura yake, lakini jina lilichelewa kuja. Hakunihubiria, alinifungulia mkoba, akanivisha glavu kidole baada ya kidole kama mtu anayemvisha mtoto wa chekechea, akanitia peremende mdomoni, na akatembea nami mpaka barabarani walipokuwapo watu wa kujitolea wenye gari. Alipoteza muda mrefu wa mbio zake kwa ajili yangu, na sikupata hata kulijua jina lake.

Kosa lilikuwa langu, na lilianza kwenye zile taa tatu. Wewe ulisikia baridi ukaogopa, yaani kengele ililia nawe ukaisikia. Yangu ililia na sikuisikia. Katika mbio zile zile za 2019, Mhispania mmoja aliyekuwa ameshindana na Jasmin Paris bega kwa bega kwa siku mbili na zaidi, mtu mwenye uzoefu na nguvu kuliko mimi na wewe, alilazimika kuokolewa kwa ajili ya baridi kilomita chache tu kabla ya kumaliza. Kwa hiyo kilomita 15 zilizobaki hazikupi kinga yoyote. Wenzako wanaokutania waalike usiku mmoja wa Januari, mvua ikinyesha, mkapande pamoja.

Mhariri, klabu yetu inapanga mbio za kilomita 60 kwenye miteremko ya Mlima Meru. Tumetaka kila mkimbiaji abebe koti la mvua, blanketi la dharura, filimbi na taa, lakini wengi wanalalamika kwamba huku ni Afrika, hakuna haja. Tulegeze?
*Mwalimu wa michezo, Arusha*

Msilegeze hata filimbi moja, mwalimu. Tarehe 22 Mei 2021, katika jimbo la Gansu, China, watu 172 walianza mbio za kilomita 100 za milimani. Haikuwa majira ya baridi. Wengi walivaa kaptura na fulana. Walipokuwa wanapanda sehemu ya juu, ikaja mvua ya mawe, mvua baridi kama barafu na upepo mkali kwa pamoja. Walifariki 21, na baadhi yao walikuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa nchi ile. Koti la kuzuia upepo lilikuwa limependekezwa tu, halikulazimishwa. Mchungaji mmoja wa kondoo aliwaingiza wakimbiaji 6 katika pango alimokuwa amejikinga, akawasha moto, nao wakapona. Pango, moto na kitu kikavu cha kujifunika: tofauti ya kufa na kupona ilikuwa hiyo.

Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Meru ina mita 4,562. Mtu anayetoka jasho Arusha mjini anaweza kutetemeka juu ya msitu siku hiyo hiyo, na mvua ya Aprili haiulizi kama huku ni Afrika. Mkague mkoba wa kila mmoja asubuhi ya mbio, mkianza na bingwa wenu, ili wengine waone. Asiye na koti asianze. Waandaaji wa Spine hufanya hivyo, na orodha yao ni ndefu kuliko yenu: mfuko wa kulalia, kifuko cha kulala nje, jiko, vyuma vya kuvaa chini ya viatu dhidi ya barafu, na kifaa cha setilaiti chenye kitufe cha kuomba msaada. Ninyi mwongeze jambo moja linalofaa mlima wenu, yaani watu wenye redio katika kila mahali ambapo mkimbiaji anaweza kukata tamaa na kurudi, si pale tu ambapo anatarajiwa kupita.

Kaka yangu yuko Uingereza na atashiriki Januari ijayo zile mbio kuu. Mama hana raha. Je, kuna njia ya sisi wa Dar es Salaam kujua alipo?
*Dada mtu, Dar es Salaam*

Ipo. Kila mkimbiaji hubeba kifaa kinachotuma mahali alipo, na familia huweza kumfuatilia kwenye ramani ya intaneti kama nukta inayosogea. Mwekee mama simu karibu, lakini kwanza umweleze mambo mawili ili asiumie bure. Nukta hukawia, ikikaa dakika nyingi bila kusogea, mara nyingi ni ishara ya setilaiti iliyochelewa. Na baada ya kuvuka Cross Fell, siku ya nne au ya tano, ataiona imesimama mahali paitwapo Greg's Hut, kibanda cha mawe kilichosalia tangu enzi za wachimba madini ya risasi. Asiogope. Humo huwa kuna watu wa kujitolea wanaowasha moto na kuwapikia wakimbiaji tambi zenye pilipili, na kaka yako atakuwa anakula.